Mashine ya Risasi Balkonini Kwangu

Mjukuu wangu ananiuliza ilikuwa mwaka gani. Mimi miaka ya namba inanichanganya, shule niliiacha darasa la tatu, lakini chakula nakumbuka. Ulikuwa ule mwaka sombe ya barafu, majani ya muhogo ya kwetu, ilipofika Husby, hapa Stockholm. Kabla yake tulikuwa tunajidanganya. Tunanunua spinachi, tunaisaga, tunaipika na mawese mpaka ichoke, halafu tunafumba macho na kusema ni sombe. Siku moja mwenye duka karibu na stesheni ya treni akaleta pakiti za kijani, ngumu kama tofali, majani yametwangwa kabisa huko Afrika, na wanawake wa Kongo tukapanga foleni mpaka nje kama watu wanaogawiwa hati za ukaazi. Rafiki yangu wa kanisani, mama wa milima ya kwetu, yule anayechechemea, aliikumbatia pakiti yake kifuani mpaka koti likalowa. Nikamwambia, mama, hiyo si mtoto. Akaniambia, wewe nyamaza, hujui nilichopitia na spinachi.

Basi ni mwaka huo. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, binti yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza, ya huyu huyu anayeuliza, na mashine ya kumimina risasi ikaja kukaa balkonini kwangu.

Binti yangu ni nesi. Nalisema hilo mapema kwa sababu napenda kulisema. Alitoka kambini Tanzania na kiatu kimoja, na leo anawachoma Waswidi sindano katika hospitali kubwa ya Flemingsberg na wao wanamwambia aksanti. Mimi nilisafisha maofisi ya Kista ili avae lile koti jeupe, na sikuona aibu hata siku moja. Aliolewa na Mswidi, fundi wa lifti, mrefu, mikono mikubwa, maneno machache. Wakakaa Farsta. Watu wa kanisani waliponiuliza mahari niliwaambia alinitengenezea lifti ya jengo letu iliyokuwa mbovu majira yote ya baridi, na hiyo ni mahari kuliko ng'ombe.

Huyu mkwe wangu alikuwa na bunduki ya zamani ya babu yake, ile inayoshindiliwa baruti mdomoni. Kila Jumapili alikwenda na wenzake kwenye uwanja wao msituni kulenga karatasi. Mnyama haui, ndege haui, karatasi tu. Risasi za bunduki kama hiyo alizitengeneza mwenyewe nyumbani: anaokota vile vipande vya madini ya risasi ambavyo watu wa matairi walikuwa wanabandika kwenye magurudumu, anayeyusha, anamimina kwenye kalibu. Kwanza alifanya kwa kijiko. Halafu akanunua mashine inayofanya yenyewe, akaiweka chumba kidogo kando ya jikoni.

Mimba ilipoonekana, mkunga akamwambia binti yangu kwamba moshi wa madini hayo si mzuri kwa mtoto tumboni. Binti yangu akarudi nyumbani na kusema: mashine au mimi. Mwanaume akafikiri. Akamkumbuka mama mkwe wake, anayekaa peke yake Husby, na balkoni yake ya vioo yenye soketi ya umeme.

Sasa lazima nieleze desturi, maana jambo lote lilianzia hapo. Kwetu mkwe ni mtu wa kuheshimiwa. Unamwita kwa wingi hata akiwa peke yake, unasema "karibuni" kwa mtu mmoja. Humtazami machoni. Hali mbele yako, na wewe huli mbele yake. Na akikuomba kitu usichotaka kumpa, humwambii hapana kwa mdomo, kwa sababu mdomo wa mama mkwe ukishasema hapana umemvua nguo. Unainamisha kichwa, unanyamaza, unakwenda jikoni, unamfungia chakula kizuri cha kuondoka nacho. Akikipokea anajua. Chakula ndiyo hapana yenyewe. Anashukuru, anakwenda zake, na hakuna aliyeaibika.

Alikuja Jumatano, amevua viatu mlangoni kama wanavyofanya wao, akasimama sebuleni na soksi zake za kijivu.

"Mama," akasema kwa Kiswidi cha polepole, "naomba kuweka mashine yangu kwenye balkoni. Jumamosi tu. Nitafungua vioo vyote, nitasafisha kila kitu. Mpaka mtoto azaliwe."

"Mashine gani?"

"Ya risasi."

Nilijua anayo. Sikuwahi kuiona, na nilikuwa nimejipangia nife bila kuiona. Neno lilinipanda mpaka kwenye meno. Nalijua neno hilo, nililisema mara moja maishani, nitalifikia. Nikalimeza. Nikainamisha kichwa, nikaenda jikoni, nikajaza sombe na ndagala, dagaa wa kwetu, kwenye kopo la plastiki, sombe ile mpya ya barafu, nikafunga na bugali pembeni, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Uso wake ukang'aa kama wa mtoto. Akashukuru, akashukuru tena. Kisha akakaa kwenye kochi langu, akafungua kopo, akala mbele yangu huku akinitazama machoni.

Jioni binti yangu akapiga simu. "Mama, aksanti. Anasema umekubali vizuri sana, na chakula ukampa."

"Nimemkatalia," nikasema.

"Umemkatalia vipi?"

"Nimempa chakula."

Akacheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya mimba. Akasema, "Mama, yeye hajui hayo. Ukitaka kumkatalia itabidi useme." Nami nikasema basi, aache, ni Jumamosi tu. Kwa sababu kusema ndiko nilikokuogopa.

Jumamosi akaja nayo ndani ya gari, amefunika kwa blanketi. Kilikuwa chungu cha umeme kilichosimama juu ya miguu ya chuma. Chini yake kuna mdomo, na chini ya mdomo kalibu, vipande viwili vya chuma vinavyofungana kama viganja. Mota ndogo inafunga na kufungua. Feni inapuliza. Madini yanashuka, yanaganda, viganja vinafunguka, risasi inaanguka juu ya taulo. Tup. Kimya kidogo, feni, tena tup. Yeye anakaa kwenye kiti kidogo, amevaa glovu na barakoa kubwa, anaangalia tu. Mara nyingine anainua risasi moja kwenye mwanga, anaigeuza, na ikiwa na kovu anairudisha motoni.

Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa nimesimama na kikombe cha chai, na chai ikanimwagikia mguuni.

Mume wangu alikuwa fundi wa kumimina sufuria. Nyuma ya nyumba yetu, kwetu, upande wa Kivu, alikuwa na shimo la moto na mchanga mweusi wa kalibu. Aliyeyusha vyuma vyepesi, sahani zilizotoboka, vipande vya injini, na moto aliupuliza kwa gurudumu la baiskeli alilolifunga mapanga ya bati kama feni. Sauti yake ilikuwa hiyo hiyo ya feni ya mkwe wangu. Sufuria ikitoka mchangani aliiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akaigonga kwa kidole. Yenye ufa alirudisha motoni bila kununa. Nusu ya mtaa walipikia sufuria zake. Alikuwa mtu wa polepole. Maneno ya nyumba niliyasema mimi.

Walikuja asubuhi, wanaume wenye bunduki, kwa adabu. Walivua kofia. Wakatua chini betri mbovu za magari, zile zenye madini ya risasi ndani, na kalibu ndogo ya chuma, katikati ya sufuria zetu. Mkubwa wao akasema wanataka fundi awamiminie risasi za bunduki zao za kienyeji. Za nyani, akasema. Nyani wanamaliza mahindi.

Mume wangu akajipangusa mikono kwa mchanga. Akanitazama. Binti yangu alikuwa nyuma ya mlango, umri ambao mtoto anasikia kila kitu. Nikakaza kitenge kiunoni, nikasema: "Kwangu hapa risasi haimiminwi. Bebeni vyombo vyenu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Fundi, mama ana mdomo huyu." Mkubwa wao hakucheka. Alisema vizuri tu, kama mtu anayekubaliana na wewe bei ya mchele, kwamba ikiwa si hapa basi itakuwa kwingine. Wakabeba vyombo vyao. Wakabeba na gurudumu la baiskeli lenye mapanga. Wakambeba na yeye, katikati yao, na mikono yake bado ina mchanga.

Ndani ya mchanga alikuwa ameacha sufuria ya moto. Nilikaa karibu nayo mpaka ikapoa. Nikaitoa mwenyewe, nikaigonga kwa kidole kama yeye. Ilikuwa nzima. Hiyo ndiyo ninayopikia sombe hadi leo, imetoka kambini na mimi, imepita uwanja wa ndege na askari wa mpakani akauliza hii ni nini, nikamwambia ni sufuria, huoni.

Yeye hakurudi. Mwili hatukuuona. Watu waliniambia niketi kilio, sikuketi. Mtu halii bila kujua analia nini. Na wengine, tena ndugu zake, walisema ningenyamaza siku ile angekuwa amekaa nyumbani akimimina risasi zao, lakini yupo. Mimi sijutii nilichosema. Ningekisema tena. Ila tangu siku ile neno lile nililiweka kando kama kisu ambacho kimeshamkata mtu. Nimewakatalia watu wengi mambo mengi, wenye nyumba, mabosi, mchungaji, lakini kwa maneno mengine.

Sasa elewa nilivyokuwa Jumamosi zile. Nilikuwa natoka kazini mchana, nimechoka, nalala kidogo kwenye kochi. Nje jua la Stockholm la mwezi wa tano, ambalo halijui kuzama. Feni inavuma balkonini. Harufu ya chuma cha moto inapita chini ya mlango, kwa sababu hata ufungue vioo vipi harufu haisikii amri. Na mimi katikati ya usingizi nikasikia mtu anajikohoza kule nyuma ya nyumba, na nikaita kama nilivyomwita mume wangu siku zote:

"Papa, umerudi?"

Sauti ya mwanaume ikajibu, "Ndiyo, mama."

Nikainuka. Nakuambia niliinuka kama msichana. Nikaenda jikoni nikapakua chakula, nikaweka sahani juu ya sinia, nikaweka maji ya kunawa, nikafungua mlango wa balkoni, na aliyekaa pale ni Mswidi mrefu mwenye barakoa. Binti yangu alikuwa amemfundisha maneno kadhaa. Ndiyo, mama. Hapana, mama. Chakula kizuri, mama.

Ningeweza kucheka. Watu wengine wangecheka. Niliweka sinia chini kwenye mlango, nikageuka, nikarudi ndani, nikakaa na mgongo kwa mlango. Na nyuma yangu nikasikia maji yananawiwa, na kijiko, na mtu anakula. Kwa miaka mingi sikuwa nimesikia mwanaume akila nyumbani kwangu nikiwa nimempa mgongo. Machozi yalinitoka, lakini si ya uchungu. Nilishiba.

Jumamosi iliyofuata nilipika mapema. Iliyofuata tena nilivaa kitenge cha kanisani. Sikujiambia kwa nini. Nilipaka mafuta miguu. Nilipojilaza kwenye kochi sikuwa na usingizi hata kidogo, nilifumba macho nikasubiri feni ivume, nikasubiri zile tup, na harufu ilipofika nikaita, sasa nikiwa macho kabisa, "Papa, umerudi?" Na yeye, maskini, akidhani ndivyo mama mkwe wa Kikongo anavyosalimia, akajibu, "Ndiyo, mama."

Chakula nilichomwekea hakikuwa cha mkwe. Nilianza kumwekea firigisi. Kwetu kuku ana wenyewe: miguu ya watoto, mgongo wa mama, firigisi ya mwenye nyumba. Hata kama mwenye nyumba yuko safarini, firigisi inafichwa mpaka arudi. Mswidi aliitafuna kwa adabu, labda alifikiri ni jiwe la heshima. Alikula chakula cha mtu mwingine majira yote mpaka akanenepa. Binti yangu akawa anamtania, "Mimi ndiye mwenye mimba, lakini tumbo tunalo wawili."

Na risasi zilikuwa zinaongezeka. Alizipanga kwenye makopo ya rangi yaliyooshwa, chini ya meza yangu ya maua. Nilizipita nikienda kumwagilia maua. Sikuzitazama. Unaweza kukaa na kitu na usikitazame, nilijifunza hilo kambini.

Yule rafiki yangu wa kanisani alikuja Jumamosi moja bila kupiga simu. Mazoezi ya kwaya yalikuwa yamekatizwa. Nilifungua mlango akanitazama toka kichwani mpaka chini.

"Mwenzangu, kitenge cha Pasaka. Leo Jumamosi. Nani anakuja?"

"Hakuna."

"Umepata mzee, unanificha."

"Ingia, unywe chai."

"Nitakunywa nikishamwona. Ana meno?"

"Kaa chini, mama, acha ujinga."

Akakaa, akanyoosha ule mguu wake. Mguu huo una risasi ndani hadi leo. Daktari wa hapa alimwonyesha kwenye picha, kitu cheupe kama punje ya mahindi, akasema iache, imezoeana na nyama. Yeye hupenda kutania kwamba akipita kwenye mlango wa uwanja wa ndege mguu unaimba kabla yake.

Alikuwa anakoroga sukari. Balkonini ikaanguka. Tup. Kijiko kikasimama. Feni. Tup.

"Hiyo ni nini?"

"Mkwe wangu. Anafanya kazi yake."

"Kazi gani inanuka hivyo?"

Akainuka, akachechemea mpaka mlango wa balkoni, akafungua. Mkwe wangu akavua barakoa, akatabasamu, akasema, "Jambo, mama," vizuri kabisa. Rafiki yangu akaitikia jambo. Akainama akaokota risasi moja kutoka kwenye taulo kwa vidole viwili, bado ina joto, akaigeuza.

"Za nani hizi?" akaniuliza bila kugeuka.

"Za karatasi. Wanalenga karatasi tu, huko msituni. Ni mchezo wao."

"Za karatasi."

"Ndiyo."

"Na wale walituambia za nyani."

Akairudisha pale pale alipoitoa, taratibu, kama mtu anayerudisha yai. Akarudi ndani, akachukua mkoba wake. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika. Akasimama mbele ya sinia niliyokuwa nimeitayarisha mezani, akafunua kawa, akaangalia.

"Chai yako ilikuwa nzuri," akasema, na hakuwa ameinywa. "Lakini mkwe hapewi firigisi, mwenzangu. Hiyo umemwekea nani?"

Nikairudishia kawa juu ya sinia.

"Mume wako ulimtoa mikononi mwao kwa mdomo wako," akasema. Mambo yangu aliyajua, tuliyaambiana kwenye treni kwa miaka. "Walimbeba, sawa. Lakini kwako hakumimina. Sasa mbona umemrudisha ili amimine?"

Akaondoka. Nikabaki na sinia.

Sikuwa nimeliona. Mimi, mwenye kujua kila kinachopita mtaani kwangu, sikuwa nimeona kitu kilichokaa balkonini kwangu majira mazima. Nilimwita mume wangu kwa jina lake la nyumbani, nikamvalia, nikampikia, na akaja. Alikuja kweli, nisidanganye mtu, nilikuwa nasikia pumzi yake. Lakini alikuja kufanya kazi gani? Akiwa hai nilisimama mbele ya bunduki ili mikono ile isiguse kalibu ya risasi. Na sasa hayupo, hawezi kunitazama asubiri niseme, nimemkalisha juu ya kiti kidogo nimpe firigisi akimimina. Siku ile sikupeleka sinia. Nilikaa na mgongo kwa mlango, na kila tup ilipoanguka niliona mikono yenye mchanga. Mkwe wangu alipomaliza alichungulia jikoni kidogo, akaona hakuna kitu, akaaga.

Nililala vibaya wiki nzima. Mashine ilikuwa imezimwa, baridi kama jiwe, lakini nilikuwa namsikia akinisubiri. Nikiifukuza, naye anakwenda. Hilo nililijua vizuri. Hakuna harufu nyingine ingemrudisha, nilishajaribu sabuni yake, nilishajaribu tumbaku. Na kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi. Neno lilelile lilishawahi kusemwa mbele ya mwanaume wa nyumba yetu, na mwanaume hakurudi. Binti yangu alikuwa karibu kujifungua. Mtoto alikuwa na baba mmoja tu.

Jumamosi wakaja wote wawili. Binti yangu alipanda ngazi akishika tumbo, kwa sababu lifti ilikuwa mbovu tena na fundi wake alikuwa amebeba sanduku. Ndani ya sanduku kuna kalibu nyingine, kubwa zaidi, yenye matundu mengi. Mkwe wangu akaiweka mezani. Alikuwa na furaha.

"Mama," akasema, "mtoto akizaliwa nyumba yetu itakuwa ndogo. Naomba mashine ibaki hapa. Si mpaka azaliwe tu. Ibaki kabisa. Nawe hukai peke yako Jumamosi, nakuwa hapa."

Akasema na maneno mengine, binti yangu akanitafsiria japo nilikuwa nimeelewa: kwamba anajua ninapenda akiwepo, kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpikia vile, hata mama yake mzazi. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mtu wa maneno machache alikuwa ameyatafuta maneno hayo njia nzima kutoka Farsta. Nakiri nilimpenda kabisa saa ile.

Jikoni sombe ilikuwa juu ya jiko, kwenye sufuria ya mchangani. Mguu wangu ulitaka kwenda huko. Kupakua, kufunga, kukabidhi kwa mikono miwili, kuinamisha kichwa. Lakini nilishajua anavyosoma chakula huyu. Angekula, angeshukuru, na kalibu ya matundu mengi ingefungwa mahali pa viganja vile.

Nikasimama. Nikashika ncha za kitenge, nikakaza kiunoni.

Binti yangu aliona mikono yangu. Alikuwa amekaa, akajaribu kuinuka haraka na tumbo likamzuia.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, chini chini. "Sema chochote. Sema umechoka, sema wenye nyumba wamekataza, mimi nitamtafsiria. Lile usiseme."

"Lipi?"

"Unalijua. Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Anasema nini?" mkwe wangu akauliza kwa Kiswidi.

"Mama, nakuomba. Ulilisema na Papa hakurudi. Huyu ni wangu."

Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, na mwingine umeshika mkono wa shati la mume wake kama mtu aliyemshika mtoto karibu na barabara. Nikamwangalia mkwe wangu. Kwa mara ya kwanza nilimwangalia machoni, kwetu ni aibu, nikaona ni macho ya mtu aliye hai, ya bluu, yana wasiwasi kidogo, hayana mchanga wowote. Nyuma yake mlango wa balkoni ulikuwa wazi. Kiti kidogo kilikuwa kitupu na hakikuwa kitupu. Yule aliyekaa pale alikuwa amejipangusa mikono na ananitazama, polepole kama kawaida yake, akisubiri mwenye maneno ya nyumba aseme.

Nikasema, na sauti ilitoka nzima:

"Kwangu hapa risasi haimiminwi. Bebeni vyombo vyenu."